Uani

Mashine iko chini ya cherehani,
kompyuta kuukuu niliyoachiwa na mteja
aliyeshindwa kulipia suti ya harusi.
Kioo kimepasuka, betri ilikufa zamani,
ila inahema. Nikikanyaga pedeli
nasikia feni yake kwenye unyayo.
Humo wanaishi watu kumi na wanne.

Tumepaita Uani.
Hakuna tajiri wa mbali anayehesabu wageni
na kuwauza kwa wenye matangazo.
Ni ua, una mlango, una kitasa,
na vichochoro vya kwendea nyua za wenzetu:
wa Malindi, wa Maskati, mmoja uko Ulaya huko, baridi tupu.
Tunapiga hodi, tunaazimana chumvi.
Ukigombana na mwenye ua unafunga virago,
unahamia wa pili, na marafiki wanakufuata
na mikeka yao.
Mimi nimehamishwa vyumba vitatu hapa Ngamiani,
barabara ya nane, ya kumi, ya kumi na sita.
Aliyenifuata ni paka.

Mtu wa nje angedhani humo tunalia kutwa.
Kihiyo wa Muheza, anayefunga kifua chini ya shati
na kupakia machungwa kwenye fuso,
juzi aliandika maneno manne:
maharage yangu yameungua tena.
Watu sita wakamjibu. Mabishano mpaka saa saba usiku,
magadi au si magadi.
Nuswaiba kaweka picha ya kucha zake.
Mkwizu kauliza dawa ya viroboto.
Siku mojamoja mtu anaandika,
leo muuza duka kaniita dada,
basi. Hakuna anayeuliza zaidi.
Tunamwekea nyota, tunalala.

Kiswahili chenyewe, nikikaa nikafikiri, hakina neno.
Anakuja. Amekula. Fundi yuko?
Shikamoo inauliza umri tu.
Ni watu ndio wanaoinama kuchungulia,
kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati.

Mama alifariki Jumatatu, Makorora.
Sikuaga mtu. Nilichukua baiskeli.
LUKU ikabaki na uniti mbili.

Nikakuta turubai limeshafungwa,
wanaume mbele kwenye mabenchi, wanawake ndani,
nami nimesimama katikati na baiskeli
kama mtu aliyeleta mkaa.
Kaka yangu Shebughe hakunitazama usoni,
alinionyesha jeneza kwa kidevu.
Nikabeba. Bega la kushoto, mpaka makaburini.
Mama alikuwa mwepesi, nimewahi kubeba jora zito kuliko yeye.
Sijui nilibeba kama nani.
Nilibeba.

Usiku shangazi Mwanamvua,
ambaye miaka minne hajapokea simu yangu,
alitoka na ungo wa vitunguu saumu,
akawapita wanaume wote, akasimama mbele yangu.
"Wewe, kucha ndefu hizo zina kazi gani? Njoo uani."
Nikamenya mpaka vidole vikawaka.
Hakuna aliyeniita jina, la zamani wala langu.
Waliambiana sogeeni,
nikapewa kigoda.

Alhamisi nimerudi. Umeme wa elfu tatu,
namba ishirini, nikizisoma kwa sauti,
nimekosea mara mbili.
Taa ya kijani. Feni ikakohoa.
Halafu zikaanza kuingia, siku tatu nzima,
zilizokuwa zimekaa zikingoja nyua za watu,
wenzangu wameazima jamvi Malindi, wanaita kutoka huko:
Salha uko wapi.
Salha, ni umeme au ni wewe?
Mwenye ufunguo jamani.
Mkwizu: nimetuma elfu kumi ya luku, usibishe.
Na ya mwisho, ya alfajiri, ya Kihiyo:
safari hii sijaunguza, na hakuna wa kumwambia.

Nikavuta kiti.
Vidole vyangu bado vinanuka saumu.
Nikaandika: uliweka magadi?